Jini wa Lango la Kodi na Chungu cha Mwanamize

Sultani Dhulfikari bin Mudhafari ndiye aliyekuwa akiutawala mji wa Marijani Kuu, mji uliojengwa kwa mawe meupe tangu misikiti hadi mabanda ya punda, na wenye visima vya maji matamu, na masoko yanayonukia iliki na mdalasini, na wanawake wenye ndimi kali, na wanaume wanaojidai hawaziogopi ndimi hizo. Sultani huyo alikuwa mtu mwema kwa kadiri sultani awezavyo kuwa mwema, maana yake hakupenda kuchinja watu na alikuwa akilala mapema. Na kidoleni alikuwa na pete.

Pete ile aliirithi kwa baba yake, na baba yake aliirithi kwa babu, na ndani ya kito chake chekundu mlikuwa na ahadi ya jini aitwaye Kamkamu bin Dahari, mrefu kama mnara, mwenye macho kama makaa ya chetezo na sauti kama pipa tupu linaloviringishwa ngazini, naye alifungwa kwa ahadi hiyo amtumikie mwenye pete. Sasa masultani wengine wakipata jini humtuma akawaletee lulu kutoka bahari ya saba, au akawajengee kasri ya dhahabu juu ya mawingu. Babu yake Sultani Dhulfikari hakutaka lulu wala mawingu. Alimweka langoni akusanye kodi. Na kila mwenye akili pale mjini alijua siku ile ile kwamba msiba umeingia, kwa sababu mtoza kodi wa kibinadamu huugua, na huoa, na husinzia baada ya kula, lakini jini hasinzii.

Hata hivyo mwanzo haukuwa mbaya. Mtu akishapata ujira wake hupita langoni, akauweka kwenye mizani ya shaba, na jini akachukua fungu moja katika mafungu kumi, na kasuku wa kijivu aliyekaa juu ya mizani akapiga kelele, "Amelipa! Apite!" na mtu akaenda zake kwao. Yule babu alipokufa ndipo walipoanza mawaziri.

Waziri mmoja alisema kwamba mtumishi wa mshahara si sawa na fundi wa mapatano, kwani mtumishi hulipwa mwezi ukiandama na fundi hulipwa kazi ikiisha, basi kila mmoja awe na mlango wake na kodi yake. Akaja mwingine akauliza, tutajuaje nani ni nani? Akatunga kanuni kwamba alaye chakula cha mwenye kazi ni mtumishi wake huyo mwenye kazi, na atumiaye zana zake mwenyewe ni fundi. Akaja mwingine akatoboa dirisha la kilemba, kwa kuwa fundi akimaliza nyumba huvikwa kilemba na mwenye nyumba. Mwingine akatoboa dirisha la zawadi, na mwingine dirisha la vumbi, yaani fundi alipie vumbi alilowatilia watu machoni, na mwingine akatoboa dirisha ambalo hata yeye alisahau ni la nini, lakini lililipiwa vile vile. Kila waziri alitoboa lake, maana asiyetoboa aliona ameishi bure. Mwishowe ukuta wa lango ukawa kama kichujio cha tui.

Na aliyeshindwa kumaliza kulipa, jini hakumpiga wala hakumfunga minyororo. Mkono wa kulia wa mtu huyo uligeuka jiwe, tangu kiganja hadi kiwiko, ukabaki hivyo mpaka amalize. Watu wakamwuliza Waziri Shamlani, ambaye ndiye aliyekuwapo zama hizo, "Ewe Waziri, mtu mwenye mkono wa jiwe atafanyaje kazi apate cha kumalizia?" Waziri akasema hilo ni swali zuri sana, akainuka akaenda kula.

Basi katika mji huo alikuwako tajiri wa nguo aitwaye Bwana Sefu Bafta, na binti yake Mwanamize. Masimulizi kama haya hutaka binti awe na uso kama mwezi, lakini Mwanamize alikuwa na uso kama uso, na mgongo ulionyooka, na meno yote, na sauti iliyovuka nyua za majirani bila kubisha hodi. Kilichokuwa ajabu kwake ni mkono wa jikoni. Akipika samaki wa kupaka, watu waliokuwa wamegombana mtaani walipatana ili tu wapate sababu ya kupita mlangoni kwao.

Baba yake alitaka orofa juu ya nyumba, akapatana na mwashi aitwaye Shaame, kijana wa kazi safi, mwenye mwiko wake na tindo yake na timazi yake ya kunyooshea kuta aliyorithi kwa mjomba. Na desturi ya Marijani Kuu ilikuwa hii: fundi akijenga nyumba ya watu, chakula cha mchana hula pale pale. Mwenye nyumba asiyelisha fundi alionekana mchawi, na fundi anayekataa chakula alionekana anawatakia wenyewe ukuta uwaangukie.

Kwa hiyo kila adhuhuri Mwanamize alikuwa akipanda ngazi na sinia kichwani.

"Fundi," alimwambia siku moja, "leo ukuta wako umenyooka. Jana ulikuwa umeinama kama mtu anayetafuta kiatu."

"Jana mchuzi ulikuwa na chumvi, binti Sefu. Ukuta ulikuwa unatafuta maji."

"Chumvi ilizidi, na sahani ukairudisha nyeupe kama imeoshwa?"

"Nilikuwa naisaka hiyo chumvi nikuoneshe ushahidi."

Mwanamize hakucheka mbele yake. Alicheka ngazini, akiwa anashuka, na mama yake aliyekuwa chini akipepeta mchele akasikia kicheko hicho, akajua posa iko njiani, akaanza kuhesabu mashuka. Naye Shaame hakuchelewa. Akamtuma mjomba wake, wazee wakakaa, tambuu ikatafunwa, na Bwana Sefu akasema, "Kijana simkatai. Amalize orofa, apokee ujira wake, apite langoni alipe kodi ya Sultani kama watu, na kinachobaki alete mahari. Binti yangu haolewi na mtu mwenye shughuli na jini."

Orofa ikaisha, ikawa nzuri. Bwana Sefu akamlipa Shaame ujira wake na kumvika kilemba cha hariri nyekundu, na Shaame akashika njia ya langoni anapiga mluzi, na Mwanamize akakaa barazani akikuna nazi ambayo haikuhitajika, mradi tu awe na sababu ya kutazama njia.

Alasiri akamwona anarudi. Hapigi mluzi. Kilemba hakiko kichwani, amekizungusha mkononi, na mkono huo ulikuwa ukimvuta upande mmoja kama anabeba ndoo ya maji.

"Umeumia?" akamwuliza.

Shaame akaketi, akauweka mkono juu ya baraza, na baraza ya mawe ikalia *ko!* kama imegongwa kwa nyundo. Mwanamize akafunua kilemba. Mkono ulikuwa jiwe jeupe, jiwe zuri kabisa la kujengea, na kucha zake zimechongeka moja moja.

"Eleza," akasema, na mbuzi ya kukunia nazi akaisukuma kando kwa mguu.

"Nimekwenda kwenye mlango wa mafundi," akasema Shaame. "Jini akaniuliza, zana za nani? Nikasema zangu. Kasuku akalia, 'Fundi!' Nikalipa. Nikawa naondoka, jini akaninusa vidole. Akasema, hiki ni nini? Nikasema ni samaki wa kupaka. Akauliza, wa nani? Nami siwezi kusema uongo mbele ya mizani ile, ulimi unakauka. Nikasema wa binti Sefu. Kasuku akalia, 'Mtumishi!' Nikapelekwa mlango wa watumishi nikalipa tena ujira ule ule. Kisha dirisha la kilemba. Kisha vumbi. Nikafika dirisha lile la mwisho lisilojulikana ni la nini, mkoba hauna kitu."

"Kwa hiyo samaki wangu ndiye aliyekula mkono wako."

"Samaki hana kosa. Alikuwa mtamu."

"Nyamaza, Shaame, usinibembeleze nikiwa na hasira."

Bwana Sefu akatoka, akautazama mkono, akaugonga kwa kidole, akasema kwa masikitiko ya kweli, kwa maana hakuwa mtu mbaya, "Mwanangu, mimi nilikubali kumwoza binti kwa mwashi. Sikukubali kumwoza kwa nguzo." Na akaingia ndani, na komeo likasikika.

Habari ikaenea mjini, na hapo kila kitu kikaharibika. Mafundi walipojua kwamba chakula cha mchana ndicho kiwapelekacho mlango wa pili, wakaanza kukikataa. Seremala akakaa juu ya boriti akitafuna muhogo mkavu aliokuja nao mfukoni, na chini yake mwenye nyumba anamlilia ashuke ale pilau. Mapishi yakamwagwa. Mashoga waliozoeana miaka wakanuniana, huyu akisema mumeo amekidharau chungu changu, na yule akisema chungu chako ni mtego. Na kuta zilizojengwa na watu wenye njaa zilikuwa hivyo hivyo kama walivyokuwa wao, zimekunja uso.

Mwanamize akavaa buibui lake akaenda barazani kwa Waziri Shamlani. Waziri, mtu mnene mwenye ndevu zilizochanwa vizuri kuliko mawazo yake, akamsikiliza akiwa anachezea tasbihi, kisha akasema, "Ewe binti, malalamiko ya watumishi huletwa na mwajiri wao, na malalamiko ya mafundi huletwa na sheha wa mafundi. Huyu wako ni mtumishi au ni fundi?"

"Wewe umemtoza kwa yote mawili."

"Naam. Kwa kutozwa ni vyote viwili. Kwa kulalamika si chochote."

Mwanamize akamtazama sana, akasema, "Mama yako alikuwa na subira," akaondoka.

Kwa hiyo Shaame alikuwa akishinda langoni, yeye na wenzake wa mikono ya mawe, wameketi mstari mmoja kivulini mwa ukuta, kwa kuwa kanuni iliwataka wawepo mpaka wamalize na hakuna aliyesema watamalizaje. Na kwa sababu aliyekula kwa mkono wa kulia maisha yake yote hawezi kuanza ghafla kula kwa wa kushoto mbele za watu, Mwanamize alipika chungu kizima cha wali wa nazi, na samaki wa kupaka, na mchicha, na achari ya ndimu, akajitwika mchana kweupe akaenda nacho langoni. Baba yake alimwambia watu watasema. Akamjibu kwamba watu wana midomo na yeye ana chungu, kila mtu atumie alichonacho.

Akaketi mbele ya Shaame akawa anamlisha tonge kwa tonge, na kumkaripia kati ya tonge na tonge. "Fungua mdomo. Usitafune kama punda. Na wewe, mzee, subiri, zamu yako inakuja, una jiwe la mkono, huna jiwe la tumbo." Kisha akahisi kivuli. Akainua macho akaona jini Kamkamu ameinama juu yake, na macho yale ya makaa yameukazia wali.

"Unatazama nini?" akamwuliza. "Umekula?"

Kasuku akainamisha kichwa.

"Ewe binti," akasema jini, na sauti yake ikatetemesha madirisha yote yale, "nimekaa katika lango hili zama za masultani watatu, nimeinusa mikono ya watu wote wa mji huu, najua nani alikula biriani na nani alikula dagaa, wala hakutokea kiumbe akaniuliza swali hilo. Yule Sultani wa kwanza alinifukizia ubani na udi kila asubuhi, na moshi ndio ulikuwa chakula changu. Kisha waziri mmoja akasema gharama ya ubani inaweza kupunguzwa. Akaipunguza yote."

"Sikukuuliza kwa huruma," akasema Mwanamize. "Nimeuliza kwa kuwa macho yako yanapoza wali. Leta kiganja."

Akampakulia. Na kiganja cha jini kilikuwa kama ungo, akapakua akapakua, na samaki akamwekea upande wenye mnofu, kwa sababu alikuwa mkali lakini hakuwa mchoyo. Jini akala. Akala kama watu walavyo siku ya Idi baada ya kufunga, na machozi ya moto yakamtoka yakaanguka chini yakaunguza vumbi. Alipolamba kidole cha mwisho, mizani ya shaba ikacheza peke yake, ikapanda, ikashuka, na kasuku akarukaruka, akatanua mbawa na kulia kwa sauti kuliko siku zote:

"Mtumishi! Mtumishi! Amekula chakula cha Mwanamize binti Sefu! Mtumishi wa Mwanamize!"

Na Mwanamize akasimama na upawa mkononi, hajui aushike au auweke, maana alikuwa amekuja kulisha mchumba, hakuja kuajiri.

"Mimi nimfanye nini?" akasema. "Kwetu hata pa kumlaza hakuna."

Jini akapiga magoti, na magoti yalipogusa ardhi kuku wa mji mzima wakaruka. Akasema, "Labeka, ewe bibi yangu. Kanuni ya lango hili ndiyo iliyonifunga nisimamie wengine, na kanuni hiyo hiyo imenifunga nami. Zana za mwenye pete sikupewa, mizani hii ni yangu mwenyewe. Chakula cha mwenye pete nilikatiwa. Nimekula chako. Amuru."

"Basi mpe huyu mkono wake."

"Siwezi, bibi. Sikuugeuza mimi. Umegeuzwa na kanuni, na kanuni imo katika neno la Sultani."

Na wakati ule kule kasrini pete iliyokuwa kidoleni mwa Sultani Dhulfikari ikapoa kama jiwe la kisimani, ikalegea, ikaanguka ndani ya kikombe chake cha kahawa. Sultani akaitazama, akaijua maana yake, akaagiza machela yake. Akaambiwa wachukuzi wa machela hawapo, wako langoni tangu jana, kwa kuwa wanakula kasrini lakini miti ya machela ni yao. Basi Sultani akavaa makubadhi akaenda kwa miguu juani, na Waziri Shamlani nyuma yake anahema, na askari nyuma ya Waziri. Akafika langoni ana jasho na ana njaa, kwa sababu ilikuwa saa ya chakula na hakuwa amekula.

Akaona jini wake amepiga magoti mbele ya mwanamke mwenye upawa.

"Ewe Kamkamu bin Dahari," akasema Sultani, "wewe ni jini wa baba yangu na babu yangu. Kwa nini umeiacha pete?"

"Ewe Maulana, Mola akuzidishie umri na afya," akasema jini, "sikukuasi, wala sikuiba, wala sikutoroka. Nilipewa chakula cha mchana."

"Mkamateni huyo mwanamke!" akasema Waziri. Askari wakamtazama jini, kisha wakaanza kuvitazama vidole vya miguu yao kama hawajapata kuviona.

Mwanamize akainama kwa adabu, kwa maana adabu alifunzwa ingawa hakuitumia sana, akasema, "Maulana, jini wako simtaki. Anakula sana. Nataka mkono wa mwashi huyu, niolewe, nirudi jikoni kwangu. Nipe hicho, mchukue mtu wako."

Waziri akaona njia, akamnong'oneza Sultani, na Sultani akatangaza, "Mwashi huyu nimemsamehe kodi iliyobaki." Na Mwanamize hakuwa malaika, angekubali hapo hapo, na wenzake Shaame wangebaki na mawe yao. Mkono wa Shaame ukaanza kupata rangi, vidole vikacheza, na Mwanamize akavuta pumzi. Lakini kasuku akalia:

"Msamaha ni zawadi! Dirisha la zawadi! Alipe!"

Na mkono ukarudi kuwa jiwe.

Sultani akageuka polepole. "Waziri. Nikimsamehe mtu kodi, anatozwa kodi kwa kusamehewa?"

"Ndivyo, Maulana, ila kama ni mtumishi wako, hapo msamaha huwa ni mshahara, akaenda mlango wa..."

"Basi. Basi." Sultani akajifuta jasho. Akautazama ukuta ule na matundu yake, akawatazama watu wale na mikono yao myeupe imelala mapajani, na huenda ilikuwa mara ya kwanza kuwatazama, kwani siku zote alipita ndani ya machela yenye pazia. "Haya madirisha mimi sijapata kuyaelewa," akasema. "Nilidhani wewe unayaelewa."

"Mimi nayajua yote kwa majina, Maulana," akasema Waziri.

Hapo Mwanamize, ambaye wali wake ulikuwa unapoa na yule mzee aliyesubiri zamu hajalishwa, akaketi tena kwenye jamvi lake. Na kwa kuwa hakuna mtu aliyelelewa vizuri Marijani Kuu awezaye kushika tonge mbele ya mtu aliyesimama bila kumkaribisha, awe sultani awe mwizi, akasema, "Karibu chakula, Maulana."

Sultani akatazama chungu. Harufu ya tui na ndimu na samaki wa mkaa ikampanda puani. Akapiga hatua.

"Maulana, usile!" akapiga kelele Waziri, akamshika joho. "Ukila chakula chake utakuwa mtumishi wake! Kasuku anasikia!"

Sultani akasimama na mguu mmoja mbele. Kukataa karibu ya mwenye chungu mbele za watu ni aibu ambayo hata mwendesha punda haitaki. Kukubali ni kuukabidhi usultani kwa binti wa muuza bafta. Watu wote wakamtazama waone atafanyaje, na Mwanamize naye akatazama, mkono wake uko kwenye upawa na jicho lake liko kwenye mkono wa Shaame.

"Mnajua," akasema Sultani, na sauti yake haikuwa tena sauti ya barazani, "nilipokuwa kijana nilikuwa nikialikwa. Harusi, khitima, nyumba mpya. Nikila kwa watu, wakinitania. Siku hizi hakuna anialikaye, na nikienda nakaa juu ya kiti natazama pilau za wenzangu, na Waziri huyu nyuma yangu ananishika joho. Nilidhani watu wamenichukia." Akamgeukia jini. "Ewe Kamkamu, babu yangu alifanyaje?"

"Mlango mmoja, Maulana. Swali moja. Fungu moja katika kumi, kwa mtumishi na kwa fundi, na aliyelipa amelipa."

"Na chakula?"

"Chakula alikiita chakula."

"Na mwiko?" akadakia Mwanamize. "Mwashi akinunua mwiko na tindo, hiyo si pesa ya kula bata, Maulana, hiyo ni kazi yenyewe. Atoe kwanza ya zana, ndipo apimwe."

"Atoe kwanza ya zana," akasema Sultani. "Na mwenye mshahara?"

"Mwenye mshahara akatwe na anayemwajiri, afike nyumbani na kilicho chake, asizungushwe lango kama kishada. Naye akiwa na gharama ya kazi, aitoe vile vile kabla ya kukatwa."

"Lakini Maulana," akasema Waziri kwa uchungu, "tukiwatoza sawa, tutajuaje nani ni fundi na nani ni mtumishi?"

"Ya nini kumjua?" akauliza Mwanamize. "Unataka kumposa?"

Askari mmoja akacheka, akajifanya amekohoa. Sultani Dhulfikari akamtoa Waziri mkono kwenye joho lake, kidole kwa kidole, akasema kwa sauti iliyosikika hadi sokoni, "Enyi watu wa Marijani Kuu, na wewe kasuku, shuhudieni. Mlango ni mmoja, na kodi ni moja, na mtu ataulizwa swali moja tu, amebakiwa na nini baada ya zana zake. Alaye kwa mwenzake amekula, basi, wala si mtumishi wake. Na madirisha yote yazibwe kwa mawe na chokaa." Kisha akavua makubadhi, akaketi kwenye jamvi, akanawa, akatia tonge la kwanza kinywani.

Watu wote wakamtazama kasuku. Kasuku akafungua mdomo, akaufunga. Akajikuna bawa.

Na mkono wa Shaame ukalainika, ukawa nyama, na damu ikaurudia ikiwasha kama sisimizi wanatembea, na ubavuni kwake mikono ya wenzake ikafuata mmoja baada ya mwingine, na yule mzee akanyoosha vidole vyake akavitazama huku na huku, kisha akauingiza mkono chunguni. Shaame akataka kusema neno la mapenzi. Mwanamize akamwambia, "Kula kwanza. Sasa unao wa kulia."

Na kazi ya kuziba madirisha Sultani alimpa Shaame kwa mapatano, na madirisha yalikuwa mengi na ukuta ulikuwa mnene, hata ujira wake ukawa mkubwa kuliko wa mwashi yeyote wa zama hizo. Alipomaliza akapita mlango ule mmoja, akaulizwa swali lile moja, akalipa, akatoka kabla jasho halijamkauka. Mahari akapeleka yote kwa mkupuo. Bwana Sefu akasema yeye siku zote alimpenda kijana yule, na mkewe akamtazama tu. Harusi ikachezwa mpaka ngoma zikapasuka, na Sultani alialikwa, akala, akataniwa kwa kitambi chake, akaenda kwake amefurahi. Shaame na Mwanamize wakajenga nyumba ya orofa, na wakapata mali, na watoto wenye ndimi za mama yao.

Ama jini, ambaye sasa hafungwi na pete wala na chungu, aliombwa na Sultani kwa maneno mazuri abaki langoni, naye akakubali kwa mshahara wa sinia moja la wali kila mchana na kupumzika Ijumaa. Sinia hilo hupelekwa na Shamlani, ambaye si waziri tena, na akichelewa jini humnusa vidole. Na mwaka ukiisha jini naye hupanda mizani kama watu, akaulizwa amebakiwa na nini, na kwa kuwa hula mpaka punje ya mwisho, hujibu hana kitu, na huwa kweli, na hupita.

Basi enyi mnaotunga kanuni, fanyeni hivi: kanuni yenu mwambieni mwanamke akiwa anakoroga chungu. Akiielewa na chungu kisiungue, ipitisheni. Kikiungua, rudini mkatunge upya, na chakula kilichoungua mkile nyinyi. Hekaya imeisha hapo, na aliyeketi juu ya jamvi anyanyuke, linataka kukunjwa.